Viti vya drafti kwenye gari la skeli 1/24: printa ya kawaida, karatasi ya pasi, sublimesheni au dikali?

Sehemu ya katikati ya kiti cha mbele cha Volkswagen Golf GTI ya kwanza, ile yenye kitambaa cha drafti, ikishapunguzwa mara 24 ili ikae kwenye gari dogo la modeli inabaki na upana wa milimita 12 au 13. Stempu ya posta ni kubwa kuliko hiyo. Kwa ajili ya kipande hicho nimeshaharibu bafta, melimeli, bitana na viti viwili vya plastiki, na nusura niharibu printa ya steshenari ya jirani, ambako hadi leo nikiingia naulizwa kwanza nimebeba karatasi gani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aprinti mchoro wa kiti kwa njia ipi, na mimi namuuliza: kiti chenyewe kilikuwa cha nini? Kitambaa cha kufumwa, plastiki, au mahameli? Wengi wetu tunaanza na picha. Tunatafuta picha kali na printa yenye nukta nyingi, halafu tunashangaa kiti kimetoka kama gunia. Picha haina kosa. Kosa ni la uzi.

Pima uzi kabla ya kupima picha

Chukua marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho jina lake lilibaki pwani tangu karne ya 19, enzi wafanyabiashara wa Salem walipokuwa wakileta Zanzibar pamba iliyofumwa Massachusetts. Ni imara, kinanywa wino vizuri, na kila duka la vitambaa wanacho. Uzi wake una unene wa kama milimita 0.3. Zidisha mara 24 unapata milimita 7. Yaani ndani ya gari lako umemkalisha dereva juu ya kamba ya kufungia mbuzi.

Bafta ina nafuu kidogo. Melimeli nzuri, ile ambayo ukiiweka juu ya gazeti unasoma vichwa vya habari, uzi wake ni kama milimita 0.15, na kwenye skeli hiyo inakuwa milimita 3 na ushee. Bado ni nene kuliko ukweli, lakini jicho linasamehe. Hariri nyembamba inashinda zote, ila inateleza kwenye mkasi na kuchanika kingo ukiitazama tu. Leso ya mfukoni iliyochakaa (namaanisha hankachifu, watu wa Mombasa msinitolee macho) mara nyingi ni melimeli tayari, tena imeshafuliwa hadi ikalainika. Nyingi ya kazi zangu nzuri zimetoka kwenye hankachifu za babu mkwe.

Kwenye 1/12 hesabu inageuka: ule uzi wa marekani unakuwa milimita 3.6 tu, na mtu anaweza kuuvumilia. Kwenye 1/43 sahau kitambaa kabisa.

Sasa weka mchoro juu ya hesabu hiyo. Drafti ya Golf ina miraba mikubwa na mistari michache. Tuseme mraba wa sentimita 6 kwenye gari halisi; kwako ni milimita 2.5, unakaa juu ya nyuzi kumi na sita hivi za melimeli. Unatosha kabisa. Lakini Pepita ya Porsche, ile ya vijino vyeusi na vyeupe iliyokuwa ikiwekwa kwenye 911 za miaka ya 1960, jino la sentimita moja linakuwa milimita 0.4. Hilo linaangukia nyuzi mbili au tatu tu. Printa yako ichore nukta 600 kwa inchi au 6,000, uzi utalikatakata jino hilo hadi libaki madoa ya kijivu. Hapa ndipo uchaguzi wa njia unapoanzia.

Wino wa kawaida moja kwa moja kwenye kitambaa

Hii ndiyo njia ninayoitumia zaidi, na ndiyo ningempa mtu anayeanza, mradi kiti kilikuwa cha kitambaa.

Shida ni kwamba printa haiwezi kuvuta kitambaa kitupu. Lazima kibebwe na kitu kigumu. Wamarekani wana karatasi ya kufungia nyama ya friza, yenye ngozi nyembamba ya plastiki upande mmoja. Unaipiga pasi ngozi hiyo chini ya kitambaa, inashika, unaprinti, unabandua. Huku kwetu kuipata ni bahati, ila karatasi ya stika ya A4 inafanya kazi ileile: unafungua upande wa gundi, unalaza kitambaa kilichopigwa pasi bila mkunjo hata mmoja, unakata kingo kwa wembe mkali. Kingo ndizo zinazoua printa. Uzi mmoja ukining'inia utafagia wino ukurasa mzima, au uingie kwenye roda na hapo usiku wako umekwisha.

Kabla ya kubandika, loweka kitambaa kwenye maji ya wanga mepesi, kianike, kisha kipige pasi. Wanga unajaza nafasi kati ya nyuzi, wino unakaa juu badala ya kutambaa. Nimejaribu kipande chenye wanga na kisicho nao kwenye ukurasa mmoja: mstari wa nusu milimita ulibaki mstari upande wa wanga, na upande wa pili ulivimba ukagusana na jirani yake.

Wino nao una aina mbili, na ni muhimu ujue wako ni upi. Wino wa rangi iliyoyeyushwa majini unang'aa vizuri lakini unakimbia ukiguswa na maji. Wino wa chembechembe unatulia zaidi. Printa nyingi za nyumbani zina ule wa kwanza, au zina mweusi wa chembechembe na rangi nyingine tatu za kuyeyuka. Jipime: printi mstari mwekundu na mweusi, acha saa moja, dondosha tone la maji. Mimi sikujipima. Nilipaka gundi nyeupe ya mbao nyuma ya kipande changu cha kwanza cha Golf, nikakibandika, nikaenda kunywa chai. Niliporudi mistari myekundu ilikuwa imegeuka wingu la waridi, na nyeusi ina ukingo wa zambarau kama jicho lililopigwa ngumi. Gundi ya mbao ni maji nusu yake. Nilikuwa nimeufua mchoro wangu mwenyewe.

Tangu hapo naprinti, naacha usiku mzima, napuliza vanishi ya akriliki isiyong'aa kwa mbali mara mbili, kila mara vumbi tu la vanishi, si mvua. Baada ya hapo gundi ya kupuliza ndiyo inayoshika. Supagluu usiiguse. Ikikutana na pamba inapata moto, wakati mwingine hadi moshi unatoka, na kitambaa kinabaki na doa gumu lisilotoka.

Rangi zitapoa. Nyekundu iliyo kali kwenye skrini inatoka kama tofali kuukuu, kwa hiyo ongeza ukolevu wake kabla ya kuprinti. Tena printa hizi hazina wino mweupe: kila kilicho cheupe kwenye mchoro ni kitambaa chenyewe, na kitambaa cha krimu kitakupa krimu.

Karatasi ya kupiga pasi

Hizi ni zile za fulana: unaprinti picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo, unalaza juu ya kitambaa, unapiga pasi bila mvuke, unabandua. Steshenari nyingi wanaziuza, na hazihitaji ujuzi wowote zaidi ya kukumbuka kugeuza picha. Mimi nilisahau mara moja, na kwenye drafti hata sikugundua! Kwenye nembo utagundua.

Kinachohamia kwenye kitambaa ni ngozi ya plastiki iliyobeba wino. Ndiyo maana watu wa modeli wanaichukia: inafunika nyuzi, inang'aa, na ukiikunja kwenye kona ya kiti inaacha ufa mweupe. Kwa Golf ni mbaya. Ila mimi naitetea kwa kazi moja, kwa sababu viti vingi vya magari tuliyopanda havikuwa vya kitambaa. Peugeot 504 ya mjomba ilikuwa na viti vya plastiki ya kahawia vilivyounguza mapaja saa sita mchana, na vilikuwa na mng'ao huohuo. Unajenga 504 ya kazi, teksi, au matatu yenye viti vya plastiki vilivyochorwa? Hiyo ngozi inayolaumiwa ndiyo unayoitafuta. Ipigie pasi juu ya melimeli, kisha weka karatasi ya kuokea mandazi juu yake na upige pasi tena kidogo. Mng'ao unatulia na nyuzi zinaanza kuonekana kwa mbali kama chembe za ngozi bandia.

Angalizo: zipo za kitambaa cheupe na za kitambaa cheusi. Za cheusi zina tabaka jeupe chini, picha haigeuzwi, na ni nene mno kwa 1/24.

Na hapa ndipo kisa cha steshenari. Karatasi ya pasi ya inkjeti, yaani printa ya wino wa majimaji, haiingii kwenye printa ya leza. Leza inayeyusha wino wake wa unga kwa kuupitisha kwenye roda yenye joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na ngozi ya plastiki ikifika hapo inajizungushia roda kama chapati kwenye kikaango kisicho na mafuta. Kijana wa steshenari aliniuliza, "Kaka, hii ni karatasi ya kawaida?" Nikamwambia ndiyo. Tuliizima ikiwa imeingia nusu, na yeye ndiye aliyeitoa kwa kibano akiwa haniangalii usoni.

Sublimesheni

Hapa ndipo wenye subira watapata viti bora kuliko vyangu. Wino wa sublimesheni unaprintiwa kwenye karatasi, kisha joto la nyuzi 180 hadi 200 kwa sekunde 45 hadi 60 linaugeuza kuwa hewa inayoingia ndani ya nyuzi za poliesta. Hakuna ngozi juu, na hakuna wino unaokimbia ukigusa maji. Gundi nyeupe ya mbao unaitumia bila woga. Kitambaa kinabaki laini kama kilivyokuwa.

Masharti ni mawili na hayana mjadala: kitambaa kiwe poliesta, na kiwe cheupe au cha rangi hafifu sana. Pamba haikubali, itapokea kivuli kilichofifia na kufulika. Kitambaa ninachokipenda ni bitana nyeupe ya makoti, ile ya poliesta isiyong'aa sana. Kwenye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, waambie unataka kipande cha nusu mita. Watakutazama, lakini watakata. Hakikisha ni poliesta kwa kuchoma uzi mmoja: poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu, pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu.

Huhitaji kununua mashine. Kwenye maduka ya kuprinti fulana na vikombe, mashine ya moto ipo na wino upo. Peleka faili lako limejaa ukurasa wote wa A4, maana wanalipisha kwa ukurasa. Ukurasa mmoja unabeba viti vya magari zaidi ya kumi. Mimi huweka mchoro uleule kwa asilimia 95, 100 na 105, kwa sababu bitana inasinyaa kidogo ikipata joto, na ni afadhali kuchagua mezani kuliko kurudi dukani. Usishtuke ukiona karatasi imetoka na rangi zilizochakaa. Zinakolea zikishapigwa moto.

Ukitaka kubadili printa yako ya nyumbani iwe ya sublimesheni, kumbuka kwamba Epson inasukuma wino kwa mtikisiko, lakini Canon na HP za kawaida zinausukuma kwa kuuchemsha. Wino huu haupendi kuchemshwa ndani ya kichwa cha printa. Na ukishaujaza, printa hiyo ndiyo kazi yake. Barua za shule zitafute nyingine.

Udhaifu wake ni ukali wa kingo. Hewa haiendi wima tu. Inasambaa kidogo pembeni. Mistari ya Golf inalainika kidogo na inaonekana kama imefumwa, jambo ambalo mimi nalihesabu kama faida. Pepita inakufa hapa pia.

Leza na asetoni

Kuna wanaoprinti kwa leza kwenye karatasi, wanageuza juu ya kitambaa na kusugua mgongo wake kwa asetoni, au dawa ya kutoa rangi ya kucha iliyo na asetoni ndani. Wino wa leza unalainika na kuhamia. Unahamia kwa mabaka, kana kwamba gari limekaa jua la miaka thelathini. Kwa gari la kutelekezwa, nyasi zikiwa zimeota kwenye sakafu, ni njia nzuri ajabu. Kwa gari jipya hapana. Fanya dirisha likiwa wazi, na usikilete kitambaa karibu na modeli hadi kikauke kabisa, kwa kuwa asetoni inayeyusha plastiki ya kiti.

Dikali, yaani kuacha kitambaa

Pepita kwenye 1/24 ni kazi ya dikali za maji, yaani mchoro ulioprintiwa kwenye utando mwembamba unaoachia karatasi yake ukilowekwa. Vivyo hivyo drafti yoyote kwenye 1/43. Karatasi ya dikali ni laini, haina uzi wa kugombana nao, na jino la milimita 0.4 linatoka jino. Unapaka kiti rangi nyeupe au ya msingi, unalaza dikali, unailainisha kwa dawa yake ili ifuate mabonde, na unamaliza kwa vanishi isiyong'aa kabisa. Ya inkjeti lazima ipulizwe vanishi kabla ya kuwekwa majini, la sivyo mchoro wote utaelea kwenye bakuli na wewe ukiutazama.

Tatizo ni kiti chenye mito iliyovimba. Mraba uliokuwa mraba unageuka jani unapozunguka kona, na mistari ya mgongo haikutani na ya kalio. Kwenye kitambaa unavuta kidogo, inakubali. Dikali ukiivuta inachanika. Ndiyo maana siweki dikali kwenye viti vya Golf.

Kiolezo, njia yoyote utakayochagua

Funika kiti cha plastiki kwa tepu ya kupakia rangi, bonyeza ifuate kila bonde, chora kwa penseli mishono yote, kisha kata kwenye mishono kwa kisu. Bandua vipande, vilaze kwenye karatasi, viskani. Hapo una umbo halisi, na kwenye kompyuta unajaza mchoro ndani yake. Kwenye Golf mambo ni mepesi, kwa sababu drafti inakaa katikati tu na pembeni ni nyeusi tupu. Kila kiti cha mbele ni vipande viwili vinavyokaribia kuwa bapa.

Drafti hiyo ilichaguliwa na Gunhild Liljequist, aliyeingia Volkswagen mwaka 1964 akitoka kwenye kazi ya kupamba vyombo vya kauri na maboksi ya peremende. Kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu nacho ni wazo lake. Naitaja kwa sababu ya kazi: ukitazama picha za gari lililoonyeshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa 1976, utaona mistari ya mgongo inashuka na kuendelea kwenye kalio bila kukatika. Mtu aliyezoea kupamba sahani haachi mistari ipishane. Basi panga vipande vyako kwenye faili vikiwa vimefuatana, mgongo juu, kalio chini, ndipo ukate. Ukijaza kila kipande peke yake, mistari itapishana milimita moja, na hiyo ni sentimita 2.4 kwenye gari halisi.

Kwa sasa mezani pangu kuna Porsche 928. Viti vyake ni vya Pasha, ile miraba inayokua na kusinyaa kama bendera inayopepea, na kitambaa chake ni mahameli. Mchoro ni mkubwa, kwa hiyo ukali si tatizo. Tatizo ni manyoya. Mahameli nyembamba kuliko zote niliyopata ina manyoya ya milimita moja, na hiyo kwenye gari ni sentimita 2.4 za zulia. Nimejaribu sublimesheni kwenye bitana na kuisugua uso kwa msasa wa namba 1000 hadi nyuzi zisimame kidogo. Kiti cha dereva kimekubali. Cha abiria nilisugua mno, kimetoboka katikati ya mraba mweusi, na ukurasa wa A4 umebaki na vipande vitatu.